Kusafishwa baada ya mimba changa kuharibika: mambo ambayo mara ya kwanza sikuambiwa

Mleta uzi

Wanajukwaa wenzangu, nawasalimu nyote. Wiki iliyopita mwalimu mwenzangu, binti mdogo anayefundisha darasa la pili, alinipigia simu saa tatu usiku akiwa amejifungia bafuni ili wakweze wasimsikie. Aliniuliza swali moja tu: "Dada, keshokutwa naenda kusafishwa. Kwani wanafanyaje?" Daktari alikwisha kumwandikia, fomu ya ridhaa alikwisha kuitia sahihi, na hakuna mtu aliyekuwa amemweleza atakachofanyiwa. Tulizungumza karibu saa nzima. Nilipokata simu niliona haifai maneno yale yabaki kati yetu wawili, kwa maana mimi pia niliwahi kuingia katika chumba kile bila kujua lolote, na niliyoyapata humo sijayasahau.

Nimepoteza mimba mbili, zote kabla ya wiki ya 12. Ya kwanza ilikuwa mwaka 2016, ya pili mwaka 2023. Zote mbili zilihitaji mkono wa daktari, lakini njia zilizotumika hazifanani, na namna nilivyotendewa haifanani hata kidogo. Nitaeleza zote mbili, kwa sababu wanawake wengi wanaijua ile ya kwanza pekee na wanadhani hakuna nyingine.

Mwaka 2016 mimba ilikuwa ya wiki 9. Nilitokwa na damu yenye mabonge kwa siku mbili, na nilipofika hospitali niliambiwa kwamba mimba imetoka lakini masalia yamebaki, kwa hiyo lazima nisafishwe. Kabla ya hapo niliulizwa mara tatu, na watu watatu tofauti, nimekunywa nini. Niliapa kwamba mimba hiyo tuliitafuta kwa miaka miwili, lakini niliona machoni mwao kwamba hawaniamini. Nilipandishwa kitandani, miguu ikafungwa, na kazi ikaanza kwa kile chuma cha kukwangulia, bila sindano ya ganzi na bila hata kidonge cha maumivu. Nilipolia niliambiwa ninyamaze, kwani wakati wa kuitafuta hiyo mimba mbona sikulia. Nilishika ukingo wa kitanda kwa nguvu kiasi kwamba nilipofika nyumbani nilikuta vipande vya rangi nyeupe chini ya kucha zangu. Baada ya hapo nililazwa katika wodi ya wazazi, kitanda cha katikati, huku na huku kuna akina mama wananyonyesha.

Mwaka 2023 hapakuwa na damu wala maumivu. Nilikwenda kupimwa ultrasaundi nikiwa na wiki 10 kwa hesabu ya hedhi yangu ya mwisho. Daktari alikaa kimya kwa muda, kisha akavuta kiti, akaketi usawa wa uso wangu, akaniambia kwamba mtoto ana urefu wa milimita 13 na moyo wake haupigi. Alinieleza kwamba kiinitete kikishafika milimita 7 kwenye kipimo cha ndani, yaani kinachopitia ukeni, moyo unapaswa kuonekana ukipiga, na kwamba kingekuwa kidogo kuliko hapo asingesema neno lolote kabla ya kurudia kipimo baada ya angalau wiki moja. Jambo hilo naomba mlishike, kwa maana wapo wanaoandikiwa kusafishwa kwa kipimo kimoja cha wiki 5 au 6, wakati tarehe zenyewe hazina uhakika. Kama kipimo chako kimechukuliwa mapema na huvuji damu nyingi wala huna homa, una haki ya kuomba kirudiwe.

Kisha alinipa njia tatu. Ya kwanza ni kusubiri mwili umalize wenyewe, jambo ambalo mara nyingi hufanikiwa pale damu inapokuwa imekwisha kuanza kutoka, lakini mimba iliyokufa kimyakimya kama yangu inaweza kukaa wiki kadhaa. Ya pili ni vidonge vya misoprostol, vinavyofanya kizazi kijikaze na kusukuma nje kilichobaki. Vinawafaa wengi, ingawa sehemu ya wanawake bado huhitaji kusafishwa baadaye. Ya tatu ni kunyonya kwa pampu ya mkono. Nilisubiri siku nane, nikiamka kila asubuhi na kuangalia nguo yangu ya ndani, na siku ya tisa nilirudi kuomba pampu, kwa sababu nilikuwa siwezi tena kusimama mbele ya darasa nikijua ninachokibeba.

Sasa nieleze pampu yenyewe, kwa kuwa hilo ndilo binti yule aliloniuliza. Ni bomba la plastiki linalofanana na bomba kubwa la sindano, la ujazo wa mililita 60, ambalo daktari hulivuta kwa mkono mpaka hewa ndani yake ipungue na liwe na nguvu ya kunyonya. Halina umeme, kwa hiyo linaweza kutumika hata katika kituo cha afya cha kijijini. Mbele yake hufungwa mrija mwembamba wa plastiki, ambao unene wake huchaguliwa kulingana na ukubwa wa mimba. Niliwekewa vidonge vya kulainisha mlango wa kizazi saa tatu kabla, nikapewa dawa ya maumivu ya kumeza saa moja kabla, na dawa ya kuzuia maambukizi. Niliambiwa niende haja ndogo kwanza. Mle ndani daktari alinipima kwa mkono, akaweka kile chombo cha kufungulia uke, ambacho ni cha baridi na kinabana lakini hakiumi, akasafisha kwa dawa, kisha akachoma ganzi pembeni mwa mlango wa kizazi. Sindano hiyo unaisikia, kama kubanwa kwa ghafla. Akasubiri dakika chache ganzi ishike.

Kunyonya kwenyewe hakukuzidi dakika 10. Sitawadanganya kwamba sikusikia chochote. Ganzi hiyo inatuliza mlango wa kizazi, lakini kizazi chenyewe kinapokuwa tupu hujikunja, na mkunjo huo unauma kama hedhi mbaya sana iliyokusanywa pamoja, hasa mwishoni. Tofauti na 2016 ni kwamba nilijua unatoka wapi na unaisha lini. Muuguzi alisimama kichwani kwangu, akanishika mkono, na kila hatua akaniambia kabla haijafanyika: "Sasa utasikia kuvutwa. Sasa kizazi kinajikaza, hiyo ni dalili kwamba tunakaribia." Walipomaliza, yaliyotoka yalisuuzwa kwa maji na kuangaliwa kwenye mwanga, ili kuhakikisha kwamba hakuna kilichobaki na kwamba haikuwa mimba zabibu, ile ambayo kondo hukua vibaya na kuwa vilengelenge kama zabibu. Daktari aliniuliza kama ninataka kuona. Nilikataa, na hakunishurutisha. Baada ya saa mbili nilikuwa njiani kwenda nyumbani, nimekaa kwenye bajaji na khanga mbili kiunoni.

Kukwangua kwa chuma hakupendekezwi tena. Shirika la Afya Duniani limesema kwa uwazi kwamba pampu au vidonge vichukue nafasi yake, kwa sababu chuma kinaumiza zaidi, kinatoa damu zaidi, na kikipita kwa nguvu kinaweza kujeruhi ukuta wa kizazi mpaka pande zake zigandamane, hali ambayo humfanya mwanamke akose hedhi au ashindwe kushika mimba. Nikikumbuka kwamba baada ya 2016 nilikaa miezi mingi nikiogopa kuuliza swali hilo, nasikitika kwamba hata jina la njia niliyofanyiwa sikuambiwa.

Niseme na neno lenyewe. Sote tunasema kusafishwa, nami nimelitumia hapa kwa kuwa ndilo tunalolijua. Lakini binti yule aliniuliza kwa sauti ndogo, "Kwa hiyo mimi ni mchafu?" Sikuwa na jibu la haraka. Mimba tuliyoiombea haigeuki kuwa uchafu kwa sababu moyo umesimama. Wahudumu wangeweza kusema tu kwamba wanaondoa masalia ya mimba, na mtu angeelewa bila kujichukia.

Wenye maswali waulize, nami nitajibu ninayoyajua. Wataalamu wa afya mliomo humu naomba mnisahihishe nilipokosea.

Mchangiaji wa pili (mkunga)

Mleta uzi, pole sana kwa yaliyokupata mwaka 2016. Mimi ni muuguzi mkunga kwa miaka 14, na yale uliyoyasikia kitandani nimeyasikia yakisemwa na wenzangu mbele yangu. Maelezo yako kuhusu pampu ni sahihi, hivyo nitaongeza machache tu.

Kuhusu kuulizwa umekunywa nini: swali lenyewe lina sababu ya kitabibu, kwa kuwa mtu aliyetumia dawa za kienyeji au aliyeingizwa kitu anaweza kuwa na maambukizi au kizazi kilichotoboka, na tunapaswa kujua ili tumtibu. Lakini linapaswa kuulizwa mara moja, faraghani, na kwa kumweleza mgonjwa kwa nini linaulizwa. Hapa Tanzania kutoa mimba ni kosa chini ya vifungu vya 150 hadi 152 vya Kanuni ya Adhabu, na hofu ya vifungu hivyo imefanya wahudumu wengi wajifanye wapelelezi. Kumtibu mwanamke ambaye mimba yake imeharibika si kosa kwa yeyote, hata kama imeharibika kwa njia gani. Huduma baada ya mimba kuharibika ni huduma halali, na anayevuja damu hapaswi kukaa nyumbani kwa kuogopa maswali.

Dalili za hatari ni hizi, na naomba kila mwenye ndugu azijue: kulowanisha pedi kubwa mbili ndani ya saa moja kwa saa mbili mfululizo, homa au kutetemeka, uchafu wenye harufu mbaya ukeni, maumivu ya tumbo yanayozidi badala ya kupungua, na kizunguzungu cha kutaka kuanguka. Yoyote kati ya hayo yakitokea urudi hospitali hata kama ni usiku wa manane. Damu kidogo kidogo kwa wiki moja au mbili ni kawaida. Usiingize kitu ukeni mpaka damu ikome, na usijisafishe ndani kwa maji ya limau, shabu wala dawa yoyote ya dukani.

Jambo la mwisho, uliza kundi lako la damu. Kama ni hasi na la mume ni chanya, mwambie daktari kabla ya kufanyiwa, akuelekeze kama unahitaji ile sindano ya kulinda mimba zijazo.

Mchangiaji wa tatu

Nawashukuru nyote wawili. Mimi ni mume. Mke wangu alifanyiwa mwezi Machi, na muda wote nilikuwa nje kwenye benchi. Kazi niliyopewa ilikuwa kwenda duka la dawa kununua glovu na dripu. Hakuna aliyeniambia kinachoendelea, na alipotoka sikujua niseme nini, nikamwambia tutapata mwingine. Hajanisemesha vizuri tangu siku hiyo. Naomba kuuliza, je, ni kweli kwamba tunapaswa kusubiri miezi 6 kabla ya kutafuta mimba nyingine? Na je, kuna kitu alichokifanya kilichosababisha? Mama yangu anasema alibeba ndoo.

Mleta uzi

Kaka, asante kwa kusema wazi. Nianze na ndoo. Karibu nusu ya mimba zinazoharibika mapema huwa na hitilafu ya kromosomu iliyotokea tangu yai na mbegu zilipokutana, kabla hata mkeo hajajua kwamba ana mimba. Kubeba ndoo, kupanda bodaboda, kukutana kimwili, kula nanasi, kugombana na jirani, hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachoondoa mimba changa iliyo nzima. Inakadiriwa kwamba kati ya wanawake 100 wanaojua kwamba ni wajawazito, 10 hadi 15 hupoteza mimba. Tafadhali mweleze mama, na umweleze mkeo akiwa anasikia. Hilo litamsaidia kuliko maneno mengi.

Kuhusu miezi 6, ushauri huo ulitolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2005, lakini tafiti zilizofuata hazikuonyesha kwamba wanaoshika mimba mapema zaidi hupata madhara zaidi. Madaktari wengi sasa husema damu ikome, hedhi moja ipite ili hesabu ya wiki iwe rahisi, kisha mtafute mnapokuwa tayari. Yai linaweza kupevuka hata wiki mbili baada ya mimba kutoka, kwa hiyo kama hamko tayari, ombeni uzazi wa mpango siku hiyohiyo mnapotoka hospitali.

Na lile neno ulilomwambia, mume wangu pia aliniambia. Nilichokuwa nikikihitaji ni kwamba aseme huyu aliyeondoka alikuwepo. Mama mkwe wangu, ambaye sikutarajia kabisa, alikuja siku ya pili na chupa ya uji wa pilipili manga, ule tunaowapikia waliojifungua. Hakusema kitu. Alinimiminia kikombe, akakaa pembeni mpaka nikamaliza. Nililia kwa mara ya kwanza tangu kile kipimo.

Mchangiaji wa nne (Mombasa)

Dada, nimesoma kwa uchungu. Mimi nilitumia vidonge, nyumbani, kwa maelekezo ya daktari, na ningependa wenzangu wajue kwamba njia hiyo nayo si ya kudharau. Damu ilikuwa nyingi kwa saa nne hivi, na nilipitisha bonge ambalo nililijua nilipoliona. Nililizika chini ya mpera nyuma ya nyumba. Sikutaka kuguswa na mtu, na kwangu mimi hilo lilikuwa muhimu kuliko kumaliza haraka. Nilirudi kupimwa baada ya wiki mbili na kizazi kilikuwa tupu. Hata hivyo nina swali ambalo niliona haya kumwuliza daktari: je, damu ile ni nifasi, yaani damu ya uzazi ambayo mwanamke haswali ikiwa inamtoka? Nilikaa siku kumi bila kuswali, kisha nikaingiwa na shaka.

Mleta uzi

Dada yangu, usione haya, swali hilo nami nililiuliza. Shehe niliyemwendea hakunijibu mpaka aliponiuliza mimba ilikuwa ya wiki ngapi na kama kilichotoka kilikuwa kimeanza kuwa na umbo la mwanadamu. Aliniambia kwamba wanazuoni wametofautiana: wengi wanaangalia umbo, na wapo, wakiwemo wa madhehebu yetu ya Shafi, wanaoihesabu kuwa nifasi hata kwa kipande cha nyama ikiwa wakunga wajuzi watasema ni asili ya mtu. Kwa hiyo nenda kwa shehe wako ukiwa na karatasi ya kipimo mkononi na umwambie wiki, kwa maana bila hizo atakuwa anakisia. Mimi nilikwenda na mume wangu, naye ndiye aliyeuliza.

Mchangiaji wa tano

Naomba kuongeza jambo la kazini, kwa kuwa nashughulika na mafaili ya wafanyakazi katika kampuni binafsi. Wanawake wengi hurudi kazini kesho yake kwa sababu hawataki bosi ajue. Hapa Tanzania, chini ya Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, mfanyakazi ana haki ya likizo ya ugonjwa ya siku 126 ndani ya mzunguko wa miezi 36, na siku 63 za kwanza ni kwa mshahara kamili, ikiwa tu atawasilisha cheti cha daktari. Mwombe daktari akuandikie siku za mapumziko kabla hujatoka. Ukipenda, mwombe asieleze kwa undani ugonjwa wenyewe.

Mchangiaji wa sita

Mleta uzi, kituo chetu hakina pampu. Wilaya nzima tunategemea daktari mmoja. Wewe ulichomwa ganzi, je, na sisi tulio mahali ambapo ukiiomba unaonekana mjuaji?

Mkunga

Nijibu hili mimi. Ganzi inayotumika ni lignokaini, ileile tunayotumia kushona kidonda, na ni nadra kukuta kituo kinachoshona vidonda ambacho hakina kabisa. Kama kwa kweli haipo, kidonge cha ibuprofeni saa moja kabla si ganzi, lakini ni bora kuliko kutopewa chochote, na unaweza kukinunua mwenyewe, isipokuwa kama una vidonda vya tumbo au daktari amekukataza. Uliza maneno machache, kwa heshima, kabla hujapanda kitandani: "Mtatumia njia gani? Nitapata dawa gani ya maumivu? Naweza kuwa na mtu wa kunishika mkono?" Ukishalala miguu imefungwa, ni vigumu mtu kukusikiliza. Msindikizaji wako naye ayajue maswali hayo, kwani wakati mwingine sauti ya mama mtu mzima inasikika kuliko ya mgonjwa.

Mleta uzi

Wanajukwaa, narudi na habari za binti niliyemtaja mwanzoni. Ameniruhusu kuandika haya. Alikwenda na shangazi yake. Alipouliza kuhusu ganzi, daktari alimjibu kwamba ni kazi ya dakika chache tu, hana haja ya kuogopa. Akarudia swali lake, na safari hii shangazi alisimama. Daktari aliwatazama wote wawili, akavua glovu, akamtuma muuguzi stoo. Walisubiri nusu saa wakiwa wameketi kwenye benchi la korido, shangazi akimfuta jasho kwa ncha ya khanga, mpaka ganzi ikaletwa.